Mtu wa Kubisha Hodi

Kazini walimwita Gundi, na jina hilo lilimganda mpaka wengi wakasahau kwamba aliwahi kuwa na jingine. Alikuwa fundi wa majalada katika chumba cha nyuma cha maktaba ya chuo, kule ambako vitabu vilivyochakaa hupelekwa vikashonwe upya migongo. Wanafunzi hawakumjua. Walijua tu kwamba kitabu kilitoweka rafuni kikiwa kimechanika, kisha kikarudi kimenyooka kama kipya. Kazi hiyo haikuhitaji maneno, na Gundi hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote ya nyumbani kwake alikuwa nayo mkewe.

Mkewe alikuwa mwanamke wa watu. Mlango wao, ghorofa ya kwanza, haukujua kupumzika. Huyu kaja kuazima sindano, yule kaja kulalamika juu ya mumewe, mwingine kapita tu kwa sababu amesikia kicheko na hakutaka kupitwa. Gundi akirudi kazini aliwakuta wamejaa sebuleni, akawasalimia, akapenya chumbani na chai yake, na huko akasikiliza soga zao kupitia ukutani, akijihesabu kuwa naye yumo. Miaka yote hiyo aliamini kwamba nyumba yao ni nyumba ya watu. Mkewe alipofariki, watu walikuja, wakalia naye, wakapika, wakafagia, na msiba ulipokwisha wakashika kila mmoja njia yake. Hapo ndipo alipoelewa kwamba waliokuwa wakibisha hodi hawakuwa wakimbishia yeye. Hakuwalaumu. Wangekuja, angewaambia nini?

Binti yake, muuguzi katika mji mwingine, ndiye aliyeleta mbwa. Alikuja naye ndani ya boksi la sabuni, mbwa jike wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala kama limechoka mapema.

"Baba, angalau pawe na kitu kingine kinachopumua humu ndani," alisema, na jioni ile ile akapanda basi kurudi kwenye zamu yake.

Mbwa alikua, akaitwa Kishindo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Akisikia hatua ngazini aliruka kutoka popote alipokuwa, akajibwaga mlangoni mwili mzima, bawaba zikalia. Mlango ukifunguliwa, alimrukia aliyesimama nje kwa furaha ya kiumbe aliyengoja mwaka. Hakuwahi kumuuma mtu. Lakini furaha yake ilikuwa na uzito wa gunia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anakuja, na huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alikuja Jumapili na kikapu, akapanga upya sufuria ambazo Gundi alikuwa amezipanga, akamgombeza kwa kukonda, akamweleza habari za ukoo mzima, na akaondoka. Gundi alikuwa akinung'unika moyoni kuhusu sufuria zake, lakini ikifika Jumamosi alijikuta anafagia. Basi Jumapili moja shemeji alibisha, Gundi akafungua, na kabla hajatamka neno Kishindo alikwishapita kati ya miguu yake na kumwekea mgeni mikono miwili kifuani. Shemeji akaenda chali. Vitunguu vikashuka ngazi kimoja kimoja. Alipoinuka alikuwa ameteguka mkono, na alijifunga upya kitambaa chake cha kichwa kwa mkono mzima, taratibu, bila kukubali kusaidiwa.

"Shemeji," alisema, "huyu mbwa akijua pahali pake, nitakuja. Kabla ya hapo tusalimiane kwa simu."

Wakasalimiana kwa simu. Simu ya watu wawili ambao hawakuzoea kusemezana bila sufuria za kupanga ni kitu kifupi sana. Hujambo, sijambo, mkono unaendeleaje, unaendelea, haya. Kisha Jumapili nzima inabaki imekaa mbele yako.

Gundi akampigia binti yake. Alitarajia kuambiwa amfunge mbwa kamba, lakini binti alisema kamba haimfundishi mbwa kitu ila kuichukia kamba. Mbwa afundishwe kwenda pahali pake mwenyewe, hodi inapobishwa, na akae hapo mpaka aruhusiwe. Akamweleza hatua kwa hatua, na Gundi, aliyezoea kazi zenye hatua, akaelewa.

"Chagua pahali pamoja, baba, usihamehame. Pasiwe mlangoni, wala pasiwe mbali akajiona ametengwa. Auone mlango lakini asiufikie."

Mkeka aliushona mwenyewe. Alichukua kipande cha zulia kuukuu, akakizungushia kitambaa kigumu cha majalada, akakipiga uzi wenye nta, mishono midogo iliyolingana. Ukaonekana kama kitabu kikubwa kisicho na kurasa. Kuupatia pahali ndiko kulikomtoa jasho. Pembe ya jikoni haikuona mlango. Chini ya dirisha palichomwa na jua mchana kutwa. Alizungukazunguka sebuleni na mkeka kwapani, Kishindo akimfuata nyuma kama karani, na kila alipozunguka aliishia pale pale, pembeni mwa kabati, ambapo kilikuwa kiti cha mkewe. Kutoka pale mtu aliuona mlango vizuri bila kuwa karibu nao. Ndiyo maana marehemu alikaa pale. Gundi aliuacha mkeka mezani siku hiyo. Kesho yake, aliporudi kazini, hakuvua hata viatu. Alikibeba kiti kile, akakipeleka chumbani, akakiweka ubavuni mwa kitanda, akarudi, akatandika mkeka, na mambo hayo yote akayafanya haraka, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Wakaanza. Alichemsha ini, akalikata vipande vidogo kama punje za mahindi, akavitia mfukoni mwa koti lake la kazi, na hivyo sasa akawa ananuka gundi na ini. Alishika kipande mbele ya pua ya mbwa, akamvuta nacho mpaka mkekani, miguu yote minne ilipokanyaga akasema "vyema", akakiweka kipande juu ya mkeka, katikati ya miguu. Hakumpa mkononi. Binti alikuwa amesisitiza kwamba mbwa aone chakula kinatoka kwenye mkeka, siyo kwa baba. Mbwa alipoanza kukimbilia mkeka kabla ya kuvutwa, Gundi akaliongeza neno. Alifikiria maneno mengi na akachagua fupi kuliko yote, "kwako". Na la kumruhusu kuondoka likawa "haya".

Jioni zikapata kazi. Kwako, vyema. Haya. Kwako, vyema. Alijifunza kusubiri pumzi moja kabla ya kutoa kipande, kisha pumzi kadhaa, kisha muda wa kwenda jikoni na kurudi. Kishindo alikuwa mwanafunzi mwenye kiherehere, aliinuka mapema, akarudishwa bila kugombezwa, akainuka tena. Wakati mwingine alilala mkekani kichwa chini lakini makalio juu, kama mtu anayekubali nusu. Gundi alicheka. Sauti ya kicheko chake ilimshtua mbwa, akainuka tena, wakaanza upya.

Ikafika hatua ya hodi, na hapo mambo yakakwama. Ili mbwa ajifunze kwenda mkekani akisikia hodi, lazima pawe na hodi. Na nani alikuwa anakuja kubisha hodi kwa Gundi? Alingoja Jumamosi nzima. Ngazini walipita watu, lakini walipita wakienda kwao.

Basi akatoka nje mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake, akabisha hodi kwake. Aligonga, akaita "hodi" kwa sauti nzito ya kuigiza, akafungua upesi, akaamuru "kwako". Mbwa alimtazama kwa huruma. Alikuwa ameshamnusa chini ya mlango na hakuona sababu ya kupokelewa kwa shughuli mtu aliyetoka sasa hivi. Gundi akatoka tena, akagonga tena. Akina mama wawili waliokuwa wakishuka na ndoo zao walisimama wakamtazama, wakatazamana wao kwa wao, wakampa pole ambayo hakujua ni ya nini. Alisema amesahau ufunguo. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mlangoni, mbele ya macho yao.

Aliyemfumania mara ya pili hakupokea uongo huo. Huyu alikuwa mzee wa ghorofa ya juu, aliyestaafu kazi ya kusoma mita za umeme, na jengo zima lilimwita Mzee wa Mita. Walikuwa wamesalimiana ngazini miaka mingi bila kupita hapo.

"Bwana Gundi," alisema, "umefungiwa nje na nani, wakati unaishi peke yako?"

Aibu ikamshika Gundi, lakini alikuwa amechoka kuwa na aibu, akamweleza yote: shemeji, mkono ulioteguka, mkeka, na kwamba sasa amepungukiwa na mtu wa kubisha hodi. Mzee wa Mita alimsikiliza hadi mwisho, ameegemea mkono wa ngazi.

"Nimegonga milango ya watu maisha yangu yote," alisema. "Wakinisikia wanazima redio, wanajifanya hawapo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nigonge."

Alianza siku ile ile, na akaishika kazi hiyo kama aliyeajiriwa upya. Alikuwa na hodi za kila namna. Hodi ya mgeni wa heshima, ya taratibu, na kikohozi mbele. Hodi ya askari. Hodi ya mtu aliyebanwa na haja. Kila apitapo kwenda dukani au kurudi, alibisha, na kwa kuwa maagizo ya binti yalikuwa kwamba mwanzo pawe na sauti tu, pasiwe na mtu, mzee akishabisha aliendelea na safari yake. Ndani, Kishindo aliruka, akaelekea mlangoni, akakumbuka nusu ya njia, akageuka. "Kwako." Miguu minne juu ya mkeka. "Vyema." Kisha Gundi alifungua mlango, maana lazima na mlango ufunguliwe, na nje hakukuwa na mtu. Alisikia tu ndala za mzee zikishuka ngazi, pa, pa, pa, na sauti ikiuliza kutoka chini, "Amekwenda?"

"Amekwenda," Gundi alijibu, akafunga.

Baadaye mzee akatakiwa kungoja mlango ufunguliwe, asimame hapo wasalimiane. Baadaye akatakiwa kuingia hatua chache na kutoka. Halafu aketi kidogo, maana mgeni huketi. Kila hatua Gundi aliomba radhi kwa kumsumbua, na kila hatua mzee alisema hakuna neno, ni kwa ajili ya mbwa. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, kofia mapajani, macho yote mawili kwa Kishindo. Walizungumza juu ya Kishindo tu. Leo kachelewa kidogo. Leo sikio lile halikutikisika. Ulipofika muda wa kutosha mzee aliinuka, akasema somo limeisha, akaenda zake. Siku moja Gundi aligundua kwamba amesema "karibu" bila kujilazimisha. Neno lilimtoka lenyewe, kama alivyokuwa akilisikia likitoka kwa mwingine.

Alipokuwa na hakika kabisa, alimpigia shemeji. Jumapili iliyofuata akafagia, akachemsha ini, akamwomba Mzee wa Mita asipite upande huo mchana ule ili mbwa asichanganyikiwe. Hodi ikabishwa. Kishindo aliinuka, akautazama mlango kwa uchu wote alionao, akageuka akaenda mkekani, akalala, akatulia. Gundi hakuhitaji hata kutamka. Alifungua mlango kama yeye ndiye anayetahiniwa.

Shemeji aliingia kwa kunyata, kikapu mbele kama ngao. Alipomwona mbwa ametulia alisimama, akamtazama, kisha akatazama pale alipolala.

"Umemweka hapo," alisema.

"Ndipo anapouona mlango."

Akakiweka kikapu chini. Gundi alidhani ameharibu kila kitu. "Ni kweli," shemeji alisema mwishowe. "Hapo mlango unaonekana vizuri." Akaketi, na kwa mara ya kwanza hakwenda kupanga sufuria.

Kilichomleta akakisema bila kuzunguka. Mwanawe wa kwanza, anayeishi mbali, amepata mtoto, na amemwita akakae naye amsaidie kulea. Siyo kwa wiki wala mwezi. Chumba chake amekwisha kukirudisha kwa mwenye nyumba, anaondoka katikati ya juma. Gundi alimpongeza kwa mjukuu, akauliza kama mtoto ana afya, akauliza kama safari ni ndefu. Kisha akaona aseme lililokuwa moyoni.

"Afadhali nimemfundisha mapema. Ungeondoka hatujaonana."

Shemeji akamshangaa. "Nisingeondoka bila kukuaga, shemeji. Hata ungekuwa umefuga simba."

Alisema hivyo kwa wema, na Gundi alijua ni wema, lakini maneno yale yalimwingia vibaya. Jioni zote zile, na angekuja tu. Alimsindikiza hadi barabarani, akambebea kikapu kitupu, wakaagana kama walivyozoea kuagana kwenye simu, ila shemeji alirudi hatua moja akamshika mkono, akamwambia ale. Ajitahidi kula.

Aliporudi, Kishindo alikuwa bado juu ya mkeka. Gundi alikuwa amesahau kumwambia "haya". Wakati wote ule wa maongezi, wa kuaga, wa kushuka na kupanda ngazi, mbwa alikuwa amekaa pale pale, mikono imenyooshwa mbele, akingoja neno moja. Gundi aliketi sakafuni karibu naye ili amruhusu, na akiwa hapo akasahau tena, akabaki ameshika tama, mpaka mbwa alipotoa mlio mwembamba wa puani. "Haya," alimwambia. "Haya, samahani." Kishindo akainuka, akajinyoosha, akaenda kunywa maji, akarudi kulala pale pale.

Mzee wa Mita hakuuliza sana. Alipokutana na Gundi kesho yake alitaka kujua kama mwanafunzi amefaulu, akaambiwa amefaulu vizuri sana, akatikisa kichwa kwa fahari. Na kwa kuwa kazi imefanikiwa, akaacha kubisha. Lilikuwa jambo la busara kabisa, hata Gundi hakuweza kulipinga. Ndala zake zilipita mlangoni asubuhi zikishuka, zikapita tena zikipanda. Tatizo ni kwamba Kishindo hakuambiwa kuwa masomo yamekwisha. Kila aliposikia hatua ngazini alikimbilia mkekani mwenyewe, akatulia, akautazama mlango. Hatua zilipita. Mlango haukufunguka. Mbwa aliendelea kuutazama kwa adabu yote aliyofundishwa, na Gundi akachukua kipande cha ini akamwekea kati ya miguu, maana si kosa la mbwa. Akaanza kuongeza sauti ya redio jioni ili Kishindo asisikie hatua.

Mchana mmoja wa mapumziko walipishana ngazini, mzee akipanda na mkate wake. Gundi alikuwa amekwisha kumpita alipojikuta amesimama.

"Mzee wangu," alisema, "uwe unapita."

"Mbwa ameanza kusahau?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini. "Hapana," Gundi alisema. "Hajasahau chochote."

Mzee wa Mita alimtazama, akautazama mkate wake, akasema ataona. Hakuja siku hiyo, wala juma hilo. Gundi akajilaumu kwa kumtia mzee wa watu katika wajibu usio na maana. Akaanza kutoka kazini kwa kuchelewa, akajipa vitabu vya ziada, akishona migongo ambayo ingeweza kungoja.

Halafu Jumamosi moja, mvua ikinyesha, hodi ikabishwa. Haikuwa ya heshima wala ya askari, ilikuwa hodi ya kugusa tu, ya mtu ambaye hangeona vibaya kama hakuna aliyesikia. Kishindo akaenda mkekani. Gundi akafungua. Mzee alikuwa amesimama mikono mitupu, na alionekana hajui aiweke wapi.

"Sina shughuli yoyote," alisema. "Nimekuja tu."

"Karibu."

Akaketi, safari hii akaegemea. Walimzungumzia Kishindo, maana ndiko walikojua kuanzia, na habari za Kishindo zikaisha upesi. Mvua ilikuwa ikigonga kioo. Gundi alipekua kichwani kitu ambacho mkewe angesema, hakukipata, na mzee naye alikuwa akisoma ukuta kana kwamba una mita. Mwisho mzee akauliza, kwa kutafuta la kuuliza, hivyo hasa kule maktaba mnavishonaje vile vitabu.

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Gundi alikohoa, akaanza vibaya, akarudi nyuma. Alieleza jinsi kurasa zinavyokunjwa na kukusanywa mafungu, jinsi sindano inavyoingia kwenye mkunjo na kutokea upande wa pili ikashike fungu linalofuata, kwa nini uzi upakwe nta, na kwa nini gundi isiwe nyingi, mgongo ukakauka ukavunjika. Mikono yake ilikuwa ikishona hewani. Aliongea kuliko alivyowahi kuongea katika chumba kile. Alipofika kwenye kubana, kitabu kikandamizwe mpaka gundi ikauke, aliinua macho akaona Mzee wa Mita amesinzia, kidevu kifuani, kofia imemdondoka miguuni.

Gundi akamtazama kidogo. Akaiokota kofia, akaiweka juu ya meza isikanyagwe. Kisha akapunguza sauti, akaendelea kueleza kuhusu kubana, na baada ya hapo kuhusu jalada, kwa sababu bado hakuwa amefika mwisho.